Kahawa Iwe Moto

Kila Novemba, Alhamisi ya pili,
napanga viti mia moja na ishirini
kwenye ukumbi wa sayansi hapa Duluth,
na kila Novemba wanakuja watu sitini.
Viti vinavyobaki havilalamiki.

Wasia wa Arvo Lehtola umebandikwa ofisini,
karatasi moja, mwandiko wa fundi:
Mhadhara mmoja kwa mwaka, juu ya maumbile,
na kwamba nyuma yake hakuna kitu.
Usifunguliwe kwa dua.
Kahawa iwe moto.
Mzungumzaji alipwe kabla hajasema,
asije akaogopa kuniudhi.

Alikuwa fundi wa dira kwenye meli za madini,
miaka arobaini akisahihisha sindano
zilizopotoshwa na chuma kilekile
ambacho meli zilikuwa zimekipakia.
Hakunywa. Hakubadilisha gari.
Alipokufa tukakuta ana fedha,
zote kaziweka wakfu.
Wakfu: neno lililozoea misikiti na visima,
nalo limeitwa huku kwenye theluji
likaitika, likaketi.

Mwaka huu amekuja Profesa Ragnhild Opsal,
soksi za sufu, sauti ya chini mno;
maikrofoni nimeipandisha mara mbili.
Akasema akili si mpangaji
anayeishi mwilini kwa mkataba.
Akasema: ziwa likiganda mnapata barabara,
magari yanavuka hadi kisiwani,
kuna alama, kuna mwendo wa kuzingatia.
Aprili inafika. Barabara haipo.
Nani kati yenu ameuliza imehamia wapi?

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wasomi,
kinachoishia puani.

Sylvi hakucheka.
Binti wa Arvo, themanini na moja,
Jumapili ni sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri,
Alhamisi hii moja ni kiti cha mbele, mkoba mapajani.
Miaka kumi na minane hajauliza swali.
Akanyosha mkono.
Nikampelekea kipaza sauti, akakishika
kama mtu anayeshika samaki hai.

"Baba alinivusha barabara hiyo," akasema.
"Milango ya gari wazi, baridi inatuchapa,
ili barafu ikipasuka turuke.
Akaniambia nisiogope.
Nikaacha kuogopa, papo hapo,
na barafu ilikuwa ikilia chini yetu.
Ule woga ulioondoka,
na kile kilichouondoa,
navyo ni maumbile?"

Kimya kikawa kirefu
hata nikadhani betri imekufa.

"Ndiyo," akasema profesa. "Nadhani ndiyo."
Akavua miwani.
"Ila sioni kwa nini, kwa kuwa ni maumbile,
kiwe kidogo."

Sylvi akatikisa kichwa taratibu
kama mteja anayehesabu chenji
na kukuta imetimia, au karibu.

Baadaye, nikimvalisha koti, akaninong'oneza:
"Jumapili nitamwombea, kama kawaida.
Aliandika habari za ukumbi huu.
Kanisa hakuligusa."
Akaondoka kwa hatua fupi fupi,
akipapasa lami kwa ncha ya kiatu
kabla ya kuiamini.

Nikabaki na nyaya za kukunja,
viti mia moja na ishirini vya kurudisha stoo,
na birika.
Nikamimina kikombe, nikaonja.
Vuguvugu.
Na wote wamekunywa, hakuna aliyesema neno.

Samahani, Arvo, nikasema, kwa sauti,
kisha nikakumbuka hoja ya usiku kucha
na nani hasa nilikuwa nikimwambia.
Nikazima taa za jukwaani.
Mwakani nitaleta birika la pili.
Samahani, nikarudia.