Sufuri Arobaini na Moja

Jumatano, saa mbili na robo, kliniki ya miguu, Kisumu.
Sista Awiti anafungua bandeji polepole
kama mtu anayefungua barua ya deni.
Rula ya karatasi kando ya kidonda. Picha. Kalamu.
Hapa sina jina. Mimi ni sufuri arobaini na moja.

Mrija wangu mweupe, wa Bi Truphosa mweupe.
Mmoja una dawa, mwingine mafuta matupu,
na upi ni upi hajui yeyote:
si mimi, si Sista, si daktari mwenye miwani.
Walinieleza haya kabla ya sahihi,
kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo,
na kwamba mlango u wazi, nitoke siku nitakayo.
Nikabaki. Kidonda cha miezi kumi na mmoja
hakina haraka ya kwenda popote.

Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye mizani ya miwa,
kule bondeni Nyando.
Trekta likipanda, sindano ikitetema, mimi nikiandika.
Tani nne na kilo mia mbili?
Nilisoma nne kamili.
Kilo mia mbili za Wilfrida Aloo, mjane,
zilizamia kwenye wino wangu, tena si mara moja.
Sisemi ndizo zilizonirudi mguuni.
Daktari anasema ni kongosho, nami naamini kongosho.
Nasema tu kwamba naikumbuka ile sindano.

Wiki ya nane Truphosa alikuja na viatu.
Viatu! Vyeusi, vya kamba, vilivyong'arishwa.
Kidonda kimeziba, ngozi changa
kama utando wa ndani wa kitunguu.
Nilimpongeza kwa mdomo.
Moyoni nikapiga hesabu: dawa ni yake, mafuta ni yangu.
Au pengine ni mguu wake tu ulioamua.
Sista hapendi kubahatisha.

Leo rula inasema ishirini na moja.
Wiki jana ilikuwa ishirini.
"Andika kumi na tisa," nikamwambia,
nusu nikicheka.
"Milimita mbili tu, mama. Nani atajua?"
Hakunijibu. Aliigeuza rula upande wangu
akangoja, kalamu hewani,
hadi nilipoisoma mwenyewe kwa sauti.
Ishirini na moja.
Akaandika ishirini na moja.

Nyumbani nanawa, napaka kama nilivyoagizwa,
kiasi cha punje ya haragwe, asubuhi na jioni,
sipunguzi, siongezi.
Labda ni mafuta.
Hata mafuta yanataka mtu wa kuyapaka kwa haki,
la sivyo dawa itajulikanaje kuwa ni dawa?

Jioni wanachoma shamba ng'ambo ya barabara.
Majivu ya miwa yanashuka, meusi, mepesi,
yanatua uani, kwenye stuli, kwenye goti langu.
Nafunika bandeji kwa leso ya marehemu mke wangu
na kuhesabu siku hadi Jumatano.