Utabiri wa Hali ya Hewa, Kutaisi

Mwaka ule umeme ulikuja kama mjomba wa mbali:
saa nane usiku, bila taarifa,
ukaondoka kabla chai haijachemka.
Tuliishi ghorofa ya saba. Lifti ilikuwa imekufa
na ndani yake jirani alihifadhi viazi.

Mama alizungumza na friji.
Si kwa siri. Alivuta kiti, akakunja nne,
akaihoji kwa nini imenyamaza,
nani ameilipa inyamaze.

Kaka yangu Nugzari, miaka kumi na mmoja,
masikio kama vipini vya sufuria,
akajibu toka nyuma ya friji kwa sauti nzito:
"Mheshimiwa Lamara, sina la kuficha. Nina njaa."
Mama alicheka mpaka akaketi sakafuni.
Usiku huo alilala.

Basi kila asubuhi Nugzari alipanda beseni lililopinduliwa,
mwiko mdomoni kama maikrofoni:
"Jikoni leo kuna mawingu.
Chumbani kwa mama ukungu mzito, madereva washeni taa.
Samahani, taa hakuna.
Mchana, uwezekano wa sahani kuvuma
toka kaskazini kuelekea ukutani."
Mimi, miaka saba, ndiye niliyekuwa wananchi.
Nilipiga makofi. Nilivaa sufuria kichwani, kwa usalama.

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Mama alizikata zake kwa mkasi wa kuku,
zote, usiku mmoja wa Februari,
akazipanga mezani kwa urefu.
Nilimtazama kaka. Nilisubiri.
Mdomo ukafunguka, ukafumba.
"Basi," akasema, "sabuni itatutosha."
Hakuna aliyecheka.
Sauti ilikuwa ya mtoto.
Nilikuwa nimesahau kwamba naye ni mtoto.

Walimchukua kulipokucha, wanaume wawili wenye adabu,
ngazi zote saba kwa miguu,
wakapita mbele ya viazi.
Shuleni tulisema yuko Borjomi, anakunywa maji ya afya.
"Anayafundisha maji kunyamaza," Nugzari akaongeza,
na darasa zima likamwaga vicheko,
na mimi nikahesabu vigae vya sakafu.

Leo kaka anatengeneza lifti.
Ana mvi, ana kidonge kimoja cha asubuhi na nusu ya jioni.
Kila Jumapili napiga simu: "Hali ya hewa?"
"Mawingu," husema, "lakini nimeyazoea,
yanalipa kodi."

Jumapili iliyopita hakutania.
Alisema tu, "Sijui, Eteri,"
kisha nikasikia pumzi, na bomba likidondosha.

Nikapindua beseni la kufulia.
Nikapanda, mwanamke mzima wa miaka arobaini,
goti likalia kama mlango.
"Wananchi," nikasema, "habari za asubuhi.
Ukungu unaendelea. Mtaalamu wetu ni mgonjwa
na msaidizi wake hajui kusoma ramani."

Kimya. Kirefu.
"Unasoma vibaya," akasema.
"Endelea."