Muhtasari wa Gugu Maji

Mimi ni karani. Naandika nani kahudhuria,
nani katoa udhuru, nani simu yake haipatikani.

Gugu liliingia mwalo wa Kayenze usiku wa Jumanne.
Halikupiga hodi kwa mtendaji.
Kulipokucha boti ya zahanati imekwama katikati ya kijani,
na Sundi, uchungu umemshika, kalala humo
kama mzigo usio na stakabadhi.

Mtaa ukasema: letu ni nchi kavu.
Kata ikasema: taarifa tumeipokea, tumeipandisha juu.
Halmashauri ikauliza kifungu cha bajeti.
Mkoa ukaomba picha.
Wizara ikaomba picha zenye mwanga zaidi.

Wiki ya pili vijana wetu wakalisukuma kwa mitumbwi
hadi upande wa Magu. Tukapiga makofi.
Wiki ya tatu wa Magu wakalirudisha,
limenenepa, lina maua ya zambarau.

Kidole kimoja hakivunji chawa, nani asiyejua?
Vyetu vilikuwa kumi, kila kimoja na muhuri wake.

Aliyetukutanisha ni Nyanzobe, muanika dagaa.
Hakuandika barua. Alitandika turubai juu ya jiwe,
akaweka sinia moja la ugali,
akapigia simu kila ofisi:
“Njoo, wenzako wameshafika.”
Hakuna aliyekuwa amefika.
Wakafika wote,
hata mtu wa wizara, aliyekuwa mjini kwa semina.

Mkono wenye ugali haushiki faili.
Mhandisi Tegamaisho wa halmashauri akasema:
mtambo upo, hauna dizeli.
Bwana Lukelesha wa mkoa akakohoa:
dizeli ipo, haina mtambo.
Wa wizara akamtazama wa Magu:
wadudu wa kulila gugu tunao,
tulikosa wa kutuonyesha pa kuwaachia.
Mtaa, kwa sauti ya chini:
watu tunao. Hatukuulizwa.

Nimeyaandika yote.
Fomu ina mstari mmoja wa sahihi;
mitano mingine nimeichora kwa rula ya mwanangu.

Leo boti imetoka. Gugu halijaisha,
linaelea kule nje, linasubiri tukosane.
Sundi alijifungua salama, ila mbali,
baada ya kubebwa mgongoni kwenye tope
na kupakiwa pikipiki ya mkopo.
Hilo nalo limo kwenye muhtasari,
ukurasa wa kwanza,
juu ya majina ya wajumbe.