Kamusi Iliyokatwa kwa Kisu cha Mkate

Seminari ilianza ghalani, juu ya viazi.
Wanafunzi saba, walimu wawili, jiko moja,
na baridi ya Dakota ikipenya mbaoni
kama mtoza ushuru asiyebisha hodi.
Bibi yangu Ragnfrid aliwapikia.
Alisema Kiebrania kilinuka viazi vilivyochipua,
na kwamba kijana Sjur Midtbø
alinyambua vitenzi huku akimenya,
maganda na viambishi vikianguka ndoo moja.

Kutoka Norwei walileta sanduku moja la vitabu:
Ungamo, mahubiri ya marehemu watatu,
na kamusi ya Kiebrania, nene kama kizingiti.

Ugomvi uliingia mwaka wa tisa, kwa sauti ya chini.
Profesa Nessheim alifundisha hivi:
Mungu alituteua kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu
kwa neema tupu, na mikono yetu mitupu vilevile.
Profesa Oftebro akakohoa, akafuta miwani.
Alituteua, ndiyo, lakini kwa kuiona imani yetu
toka mbali, kama msafiri aonavyo taa dirishani.

Taa hiyo ndogo!
Waliigombea majira matatu ya baridi.
Wake zao wakaacha kuazimana chachu.
Mashambani, watu wasiojua kusoma
wakaanza kuulizana nani azikwe kando ya nani.
Bibi, aliyeona uji ukipoa mezani kila asubuhi,
alisema tu: hawa hawaivi tena chungu kimoja.

Oftebro aliondoka mwezi wa pili, mto umeganda,
akiwa na wanafunzi kumi na wanne na ng'ombe mmoja.
Waligawana kila kitu kwa haki ya kutisha:
vijiko, mishumaa, madeni.
Ikabaki kamusi. Hakuna aliyekubali kuiacha.
Wakamwomba Bibi kisu cha mkate.

Alefu hadi Lamedi, huku.
Memu hadi Tau, ng'ambo.

Ndipo ikawa kwamba imani ilibaki kwetu,
na upendo, na fadhili, na mkate pia.
Haki ilivuka mto. Roho ilivuka.
Shalom, ianzayo na Shini,
ilikaa ng'ambo miaka thelathini na mmoja.

Mwanafunzi wetu akikwama katika Isaya
aliandika neno kwenye kikaratasi.
Bibi alikificha ndani ya mkate,
akautuma mkate kwa Torbjørg, mpishi wa upande wa pili.
Jibu lilirudi ndani ya jibini.
Maprofesa walistaajabu jinsi vijana
walivyozijua herufi wasizokuwa nazo.
Nessheim aliiita neema.
Oftebro, bidii iliyoonwa mapema.

Muungano uliletwa na kamati, si na machozi.
Wazee wote wawili walikuwa chini ya theluji,
na warithi wao walihubiri Kiingereza.
Kinorwei kilibaki cha mazishi na cha Krismasi.
Siku ya ibada, wakubwa wakibishana
ipigwe kengele ya upande gani,
Bibi aliketi jikoni na sindano ya magunia
akizishona nusu mbili.

Ninayo hapa kwenye meza ya maktaba.
Jengo limeuzwa; Alhamisi wanakuja kupima kuta,
wanasema patakuwa na ghala, na nimecheka peke yangu.
Uzi wa gunia bado imara.
Nusu yetu ina madoa ya mafuta, yao ina ukungu,
na kingo hazilingani.

Karatasi moja haipo, pale kisu kilipopita,
mwisho kabisa wa Lamedi.
Nimetazama katika kamusi nyingine lililokuwamo:
lashoni. Ulimi.

Bibi hakuwahi kuniambia
kama ilidondoka siku ile, wakivuka barafu,
au kama aliwashia jiko.