Maswali Kumi na Mawili

Swali la kwanza tulilitafsiri mara nne.
"Mara nyingi sijui mimi ni nani."
Unguja, ndani ya chumba chenye feni, lilikaa sawa.
Huku Shumba Mjini, Bi Riziki Shaame aliweka kigongo chini,
usumba umemganda mpaka kwenye nyusi,
akanitazama kama aliyesikia tusi:
"Mie? Mwana wa Shaame Faki, mjukuu wa Bi Mchande wa Kiuyu?
Hapa nani asiyenijua?"

Nikatia duara kwenye sifuri.
Sifuri maana yake si kweli kabisa.
Sifuri maana yake mzima.

La tatu lilihusu hisia, kwamba hubadilika bila kushikika.
Hisia ndiyo moyo, akauliza, au roho, au nafsi?
Moyo unauma. Roho inatoka. Nafsi inataka.
"Wee unauliza ipi?"
Karatasi ilikuwa na nafasi ya neno moja.
Nikaandika pembeni kwa penseli: lirudiwe.

La saba: "Mahusiano yangu na watu hayadumu."
Akahesabu waume kwa vidole:
mmoja kafa, mmoja kaenda Tanga hakurudi,
wa tatu yumo ndani kalala.
"Hili si langu. Kawaulize wao."

Dakika tano, mwongozo unasema.
Tulikaa hata maji yakayafunika mashimo ya makumbi.

Siku ya kumi na nne nikarudi na karatasi ileile.
Ndivyo kipimo kinavyopimwa:
mtu yuleyule, maswali yaleyale,
na majibu, Mungu akipenda, yaleyale.
Kigongo sikukiona. Mikono yake imelala mapajani
kama vitu vya kuazima.
Nikasoma la kwanza.

Kuku alipita baina yetu, akarudi, akapita tena.

"Hidaya kapiga simu jana, kutoka Maskati.
Kauliza mbuzi. Kauliza bati lile linalovuja.
Kauliza jirani kama kajifungua.
Mie hakuniuliza."
Kisha, taratibu: "Tatu ndiyo ya mwisho? Basi tia tatu."

Usiku, kwenye gesti ya Konde,
safu yake ikawaka nyekundu kwenye kompyuta.
Daktari Ghanima akaandika: kosa la mpimaji? Hakiki.

Nimehakiki, Daktari.
Mpimaji alisikia vizuri, siku zote mbili.
Faili nimelifunga kwa kamba aliyonipa, bado inanuka tope.
La kumi na mbili hatukulifikia;
mara zote adhana ilituwahi.