Tatu, Kimya, Mbili

Iliwaka Jumatatu alfajiri, natoka zamu ya usiku,
kwenye mteremko wa mtaa wa Elm, hapa Sudbury:
herufi tatu ndani ya duara,
rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.
Breki zilishika. Gari likasimama.
Lakini taa ilinikodolea jicho mpaka nyumbani.

Fundi wa kwanza hata hakuinama.
"Gari la mwaka tisini na tisa," alisema,
"bandika utepe mweusi hapo, usahau."
Nikachukua funguo zangu.
Kwetu mjumbe hauawi,
wala hazibwi mdomo.

Nikampigia Shekue, kaka yangu, Muheza,
aliyelala chini ya Corolla nyingi kuliko vitanda.
"Tafuta kibanio cha karatasi, kinyooshe.
Chini ya usukani kuna soketi. Unganisha tundu la nne na la kumi na tatu.
Fungua swichi, injini usiiwashe.
Halafu nyamaza, uhesabu."

Tatu. Kimya. Mbili.
Kimya kirefu.
Tatu. Kimya. Mbili.
Kama mtu anayegonga ukuta wa chumba cha pili
asijue kama upande huu kunakaliwa.

"Thelathini na mbili," nikasema.
"Gurudumu la mbele, la abiria," akajibu papo hapo.
"Sensa yake haioni mzunguko."

Aarne, jirani wa chini, akaniazima jeki
na akasimama na kikombe chake bila kushauri kitu.
Namshukuru kwa hilo.
Nyuzijoto kumi na moja chini ya sifuri.
Nati tano; ya tatu ikala ngozi ya kidole.
Nikapima kwa mita.
"Nzima hiyo," Shekue akasema, sauti imemshuka.
Nikasugua, nikapima tena. Nzima.
Saa mbili nimepiga magoti kwenye theluji
namtibu asiyeumwa.

Ndipo akauliza, polepole:
"Dada, huko dereva anakaa wapi?"

Tulicheka mpaka Aarne naye akacheka asichokijua.
Miaka sita naendesha upande huu,
na kaka yangu bado ananiona nimekaa kulia.

La kushoto, basi. La kwangu mwenyewe,
mbele ya miguu yangu siku zote.
Hapo mita haikusema kitu. Waya umekatika ndani ya ngozi yake;
kwa nje laini, mweusi, hauna hata kovu.
Na pete ya meno imevaa kutu.
"Ni chumvi," nikamwambia. "Huku wanaimwaga barabarani kwa malori."
"Chumvi? Barabarani?"
Akafikiri.
"Na mbogani wanatia nini?"

Nikaunga waya kwa risasi, nikauvika mpira,
vidole havijui tena ni vya nani.
"Sasa ifute kumbukumbu. Kibanio palepale,
kanyaga breki mara nane ndani ya sekunde tano,
kama mama kwenye cherehani siku ya kuamkia Idi."
Nikakanyaga.
Taa ikazimika.

Lakini hata balbu iliyoungua huzimika.
Kwa hiyo usiku ule, kabla ya zamu,
nilikwenda nyuma ya ukumbi wa hoki,
maegesho matupu, barafu ukuta kwa ukuta.
Nikafika kasi ya arobaini
nikakanyaga kwa nguvu zote nilizonazo.

Pedali ikatetemeka chini ya soli,
ikakoroma kama mashine ya kusaga.
Usukani ulibaki wangu. Nikakata kushoto, gari likatii,
likasimama hatua mbili kabla ya nguzo ya taa.

Simu ilikuwa kwenye kiti cha abiria. Kwao kunapambazuka.
"Nini hicho? Umegonga?"
"Hapana. Breki zinatetemeka."
"Basi zimepona," akasema, akapiga mwayo.

Nikabaki pale, mguu wa kulia
nao ukitetemeka, bila waya wala sensa.
Kazini nilichelewa dakika nne.