Pishi Nne za Pumzi

Mtindo bado hauna jina.
Nimeupa ukurasa wa mwisho wa daftari la karafuu la baba,
lenye safu zilizokwisha kupigwa rula:
Jina. Pishi. Kilo. Bei.
Sikuzifuta. Juu yake nimeandika
Pigo. Pumzi. Jeraha. Gharama.

Kwa Kombo mambo mepesi:
ngumi dadu moja, teke madadu mawili,
teke la kuruka matatu na watu wapige makofi.
Kombo hajapata kupigwa.

Mimi nimepata. Miaka sita,
Jumanne na Ijumaa baada ya laasiri,
darasa la tano B, skuli yetu ya Wete,
madawati yamerundikwa ukutani,
na Maalim Faki Shehe akihesabu
Kijapani chake cha Kipemba:
ichi, ni, sani, shi.
Kata! anasema, na sisi tunacheka,
maana kata kwetu ni kifuu cha kuchotea maji,
ni ngata ya kichwani chini ya ndoo,
ni amri kwa mwenye panga.
Hakukasirika.
"Sawasawa," alisema. "Chota. Jitwike. Kata.
Mengine yote ni jasho."

Basi nikaandika:

Chota. Mkono unashuka wazi, unapokea pigo, haumwagi.
Pishi moja ya pumzi.

Jitwike. Shingo wima, uzito wote nyayoni.
Raundi nzima huangushwi. Pishi moja.

Sogea (hii aliichuma ujanani, kwenye mchezo wa ng'ombe).
Usimpishe mapema, atageuka nawe.
Usimpishe kwa kuchelewa, utaitwa marehemu.
Dadu kubwa, kumi na nne kwenda juu.

Kata.
Hapa kalamu ilikwama.

Kwa sababu siku ile, goti langu lingali zima,
alinirushia ngumi ikaja yote,
kisigino, nyonga, bega,
ikasimama mbele ya pua yangu
unene wa punje ya mpunga.
Nilisikia harufu ya sabuni ya mche vidoleni mwake.
Haikunigusa.
Mpaka leo hiyo ndiyo ngumi iliyonipata.

Niitie namba gani?
Shaame anasema: jeraha sifuri, maana yake haipo, ifute.
Mwanakheri anasema: kitu kinachomtetemesha mtu
miaka kumi na moja, sifuri yake ina meno.

Alkhamisi umeme ukakatika. Tukaujaribu kwa tochi ya simu,
na dadu la nyuso ishirini
lililokuja na shangazi yake Shaame kutoka Maskati.
Majambazi saba mlangoni mwa ghala.
Mwanakheri alimchezea mpika vitumbua wa miaka sitini,
mkanda mweusi chini ya kanga.
Alisimamisha ngumi mara saba.
Saba wakaweka mapanga chini.
Kombo akatupa penseli:
"Vita gani hivi, hata pua haijatoka damu?"

Na alikuwa na haki, nakubali.
Mtindo usioshindwa ni dua, si mchezo.
Nikaandika upya:
Ngumi ya Punje. Gharama: pishi nne, pumzi yako yote.
Dadu likikukataa, unabaki umesimama,
mkono umenyooka, kifua wazi, mtupu kama debe.

"Bado ni maneno," akasema Kombo. "Mtu mzima haogopi kitu ambacho..."

Niliinuka. Goti likalia ka.
Kisigino, nyonga, bega.

Hakuimaliza sentensi yake.
Tochi ilikuwa chini ya mkono wangu,
kivuli cha ngumi kikaujaza ukuta mzima.
Akameza mate. Kisha, polepole, macho yamegongana puani:
"Huyu wangu, mwenye shoka...
naye anaweza kujifunza?"

Nikakaa. Nikavuta daftari.
Safu ya Jeraha nikaiacha tupu.
Pembeni, pale baba alipokuwa akiandika majina ya wadeni,
nikaandika:
Muda wa kujifunza: miaka sita,
Jumanne na Ijumaa, baada ya laasiri.
Dadu halihusiki.